Kabla ya Kukaa

Sikai. Nasimama nyuma ya kiti kitupu
kama mtu anayemsubiri mumewe atoke msalani,
na kabla sijatazama karata natazama kitambaa.
Kitambaa hakidanganyi. Kimeandikwa kwa dhahabu:
sita kwa tano.
Hiyo ndiyo bei ya maua ya mezani, Delmar,
ndiyo bei ya kinywaji cha bure mkononi mwako.
Weka dola kumi, ree na mzungu zikutane,
wakupe kumi na mbili palipostahili kumi na tano.
Dola tatu. Utasema ni ndogo.
Zilipe mara moja kila mikono ishirini na moja,
usiku kucha, kisha uniambie udogo wake.

Delmar akacheka, akakaa. Nikamwacha.

Kasino ya tatu zulia lake limeungua kwa sigara,
mlango unakwaruza, meza iko jirani na choo.
Tatu kwa mbili, chasema kitambaa kilichochujuka.
Pakiti mbili tu. Ukitenganisha pacha, ruhusa kuongeza dau.
Akiwa na kumi na saba yenye ree, mgawaji huongeza karata:
hilo baya, nalitia daftarini,
maana mali bila daftari, mwisho wake mnaujua.

Lakini yote hayo ni kizingiti.
Nyumba yenyewe ni kadi ya manjano,
ile ya plastiki wanayoichomeka katikati ya karata
kusema: tukifika hapa, tunachanga upya.
Ikikaa nusu, nihesabu nini?
Ni barua unayosomewa hadi katikati
ukanyang'anywa pale jina linapotaka kutajwa.

Perpetua Dacanay, jina liko kifuani,
amefunga bandeji kwenye kifundo cha mkono.
Kuchanga kunamuuma. Basi kadi anaichomeka mbali, chini kabisa,
na kati ya karata mia na nne
themanini na mbili zinapita machoni pangu.
Nilihesabu mara tatu, nikijifanya natafuta miwani:
themanini na mbili, themanini, themanini na tatu.

Ndogo ikitoka najumlisha moja,
kumi, wazungu na ree natoa.
Pau ya tano. Uru ya tatu. Kopa ya sita.
Kimya kimya rundo lililobaki linanona.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli.
Wachezaji wawili, mikono tisini kwa saa,
dau kutoka kumi hadi themanini:
dola kumi na tisa kwa saa,
ikiwa sikosei, ikiwa sisinzii,
ikiwa elfu sita zangu zitavumilia usiku mbaya
ambao utakuja, hauna budi kuja.
Kuosha vyombo kwa Lundgren kunalipa kumi na sita,
na sabuni haijawahi kumfilisi mtu.

Tofauti ni dola tatu.
Tatu zilezile.

Na hizo, nikang'amua, zinatoka kwenye kifundo kile.
Akipona yeye, mimi sina kazi.

Hata hivyo nikavuta kiti.

Ndipo Bwana Kettering, msimamizi, akapita na kahawa yake.
Mimi hakunitazama. Aliinama, akanong'ona neno,
na mchango uliofuata kadi ya manjano
ikapanda vidole vinne.

Mchezo ulikufa palepale.
Karata ziliendelea kugawiwa, mzee mmoja akashangilia
kumi na tisa yake, hakuna aliyeuona msiba.
Nikarudisha kiti taratibu, kisilie.
Perpetua alikuwa anachanga tena, mapema,
meno yameuma mdomo wa chini,
na mimi hadi mlangoni nahesabu bado,
si karata,
ni mara ngapi atachanga mpaka kupambazuke.

Delmar nilimkuta palepale, amebakiwa na dola nne.
Nilipogusa yale maua, yalikuwa ya nailoni.
"Umeshinda?" akauliza.
Nikamwambia sikukaa.